Kupanua Diski za Seva Mpakani: Mafunzo ya Busia na Tororo

Kupanua hifadhi ya seva ni kuiongezea seva inayofanya kazi nafasi ya kuandikia, bila kupoteza kilichokwisha kuandikwa. Kazi yenyewe ni fupi. Diski ikishafungwa na matayarisho yakikamilika, amri zinazohitajika ni chache, na fundi anayezijua huzimaliza kabla chai yake haijapoa. Lakini ni miongoni mwa kazi za kompyuta ambazo herufi moja ikikosewa hufuta rekodi za miaka mingi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya usalama wake hujengwa mapema: kujua nafasi imekwenda wapi, kuwa na nakala iliyojaribiwa, kuwa na umeme wa kutegemewa, na kufahamu jinsi tabaka za hifadhi zilivyopandana. Mambo hayo manne ndiyo funzo ambalo kazi ya kuhudumia seva ndogo za Busia na Tororo imewaachia mafundi wa huko.

Mji wa Busia umepitiwa na mpaka katikati: upande mmoja ni Kaunti ya Busia ya Kenya, upande wa pili ni Wilaya ya Busia ya Uganda. Kaskazini yake iko Malaba, ambako reli itokayo Mombasa huingia Uganda kuelekea Tororo. Shughuli za mpaka huu zinategemea data kila saa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kiliwaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili lori likaguliwe mara moja tu. Hata hivyo rekodi za shehena hazikai pale. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, kwa mfano, hutumia ASYCUDA, mfumo wa forodha uliotengenezwa na UNCTAD, na afisa wa mpakani huufikia kwa mtandao. Diski ya mfumo kama huo ikijaa, wanaoishughulikia ni wahandisi wa makao makuu.

Hospitali na zahanati zina hali nyingine. Huko seva mara nyingi imo ndani ya jengo lenyewe, katika chumba kidogo chenye feni au kiyoyozi, na anayeitunza ni mtu mmoja ambaye pia hurekebisha printa na kubadilisha wino. Mifumo ya rekodi za wagonjwa inayotumika sana kandokando ya mpaka ni ya ukoo mmoja. KenyaEMR na UgandaEMR zote mbili zimejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health. Miongoni mwa mahali pa kwanza pa kuitumia ni Eldoret, chini ya mpango wa AMPATH ambao huduma zake zilienea hadi Busia. Fundi wa Busia na fundi wa Tororo wana wizara tofauti na sarafu tofauti, lakini wakifungua seva zao wanakuta majedwali yaleyale.

Majedwali hayo yana tabia inayoeleza kwa nini diski hujaa. Katika OpenMRS kila kipimo, kila jibu na kila uzito wa mtoto huandikwa kama mstari mmoja katika jedwali liitwalo obs. Ziara moja ya mgonjwa inaweza kuzaa mistari mingi. Tena mfumo haufuti. Taarifa iliyokosewa huwekewa alama ya kubatilishwa na kubaki mahali pake, kwa sababu historia ya matibabu lazima ionyeshe hata kilichosahihishwa. Hifadhidata ya namna hii huongezeka siku zote na haipungui. Anayepanga ukubwa wa diski kwa kuangalia data ya leo amepangia siku ya kwanza tu.

Thamani ya rekodi hizo inaonekana vizuri Tororo. Nagongera, katika wilaya hiyo, ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye maambukizi makali mno ya malaria: utafiti ulioanza mwaka 2011 ulikadiria zaidi ya maumo 300 ya mbu wenye vimelea kwa mtu mmoja kwa mwaka. Upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulianza Desemba 2014, na malaria ikapungua sana. Kupungua huko kunaweza kuthibitishwa kwa sababu vipimo vya kabla na vya baada vilitunzwa vyote viwili. Iwapo faili za miaka ya kwanza zingepotea, kusingekuwa na cha kulinganisha, na hakuna bajeti inayoweza kuvirudisha vipimo vya damu vya mtoto wa mwaka 2012. Fundi anayegusa diski ya hospitali anagusa kitu cha aina hiyo.

Dalili ya diski kujaa huonekana kwanza kwenye dirisha la kliniki. Muuguzi anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na ukurasa unazunguka bila kurudi. “Fundi, mashine imekataa kusevu,” anaita. Jibu linalofaa ni lile ambalo mafundi wazoefu hulitoa wakiwa tayari wamesimama: “Sista, usizime kwanza.” Sababu yake ni ya kitaalamu. MySQL, hifadhidata inayobeba OpenMRS, ikikosa nafasi haiachi kazi. Mara nyingi husubiri, ikiangalia kila dakika kama nafasi imepatikana, na mara nafasi ikipatikana huendelea ilipoishia. Mtu akichomoa waya wa umeme katika hali hiyo, anaigeuza shida ya nafasi kuwa shida ya data. PostgreSQL, inayobeba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na Uganda mwaka uliofuata, ni tofauti: ikikosa mahali pa kuandika logi zake za miamala hujizima yenyewe, na haiwaki mpaka ipate nafasi.

Hatari kubwa ya saa hiyo ni kufuta kwa pupa. Mtu akiingia katika folda ya /var/lib/mysql ataona faili kubwa kuliko zote, nyingine zikiwa na majina yasiyoeleweka, na kishawishi cha kuzifuta ni kikubwa. Faili ya ibdata1 ni moyo wa hifadhidata. Ikifutwa, majedwali yote huenda nayo. Logi za binari za MySQL zinaweza kupunguzwa, lakini kwa amri ya hifadhidata yenyewe ya PURGE BINARY LOGS, si kwa kuziondoa kwa mkono. Pumzi ya haraka na salama zaidi imo kwenye mfumo wa faili: ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu. Kwenye voliumu ya data ya gigabaiti 500, hizo ni gigabaiti 25 ambazo amri ya tune2fs inaweza kuzifungua kwa sekunde chache, kliniki ikaendelea huku fundi akitafuta chanzo.

Kutafuta chanzo ndiyo hatua ya kwanza ya upanuzi wowote, na mara nyingi humaliza haja ya kununua diski. Amri ya df -h huonyesha kila mfumo wa faili umejaa kiasi gani. Ndugu yake, df -i, huhesabu inodi, yaani nafasi za kuandikisha faili. Seva yenye mamilioni ya faili ndogondogo inaweza kukataa kuandika ilhali bado ina gigabaiti nyingi. Amri ya du, ikitembezwa folda baada ya folda, huonyesha mlaji ni nani. Katika seva za OpenMRS walaji wa kawaida ni wawili. Wa kwanza ni catalina.out, logi ya Tomcat, programu inayoiendesha OpenMRS, ambayo isipowekewa utaratibu wa kuzungushwa huongezeka bila kikomo. Wa pili ni nakala rudufu za kila usiku zinazorundikwa kwenye diski ileile inayonakiliwa, kila moja nzito kidogo kuliko ya jana. Aidha, faili inaweza kuwa imefutwa lakini nafasi yake isirudi, kwa kuwa programu bado imeishikilia. Amri ya lsof +L1 huzitaja faili za namna hiyo, na kuiwasha upya programu husika kwa utaratibu huachilia nafasi.

Baada ya mlaji kujulikana, hutafutwa nafasi iliyolala. Seva nyingi ndogo hutumia Ubuntu, na kisakinishi cha Ubuntu Server cha siku hizi, kikiachiwa kipange LVM, yaani mfumo wa kuigawa nafasi ya diski katika voliumu, kwa utaratibu wake wa kawaida, hakitumii diski yote. Kwenye diski inayozidi gigabaiti 200, huipa voliumu kuu gigabaiti 100 tu. Iliyobaki huiacha ndani ya kundi la voliumu, bila kazi. Kwa hiyo seva yenye diski ya terabaiti moja inaweza kulia kwamba imejaa ilhali karibu sehemu tisa kati ya kumi za diski hazijaguswa. Amri ya vgs hulionyesha hilo katika safu ya VFree. Vituo vimewahi kuandika barua za kuomba fedha za diski mpya, na barua zikasafiri ofisi hadi ofisi, huku nafasi waliyoihitaji ikiwa imo ndani ya kasha lilelile. Dakika moja ya kusoma vgs ingemaliza mjadala.

Kabla ya kuipanua voliumu hata kwa gigabaiti moja, nakala ya data lazima iwepo nje ya seva hiyo. Kwa MySQL yenye majedwali ya InnoDB, mysqldump yenye kigezo cha --single-transaction hutoa nakala yenye picha moja ya wakati mmoja bila kuwafungia wauguzi kazi. Nakala hiyo ikishatoka ijaribiwe: irejeshwe kwenye kompyuta nyingine, idadi ya wagonjwa ihesabiwe, na ziara ya mwisho ya jana ifunguliwe ionekane kwa macho. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haihesabiwi. Wala RAID, mpango wa kuandika data ileile kwenye diski zaidi ya moja, haichukui nafasi yake. RAID huilinda seva dhidi ya kufa kwa diski moja. Amri mbaya ikiandikwa, huinakili kwa uaminifu kwenye diski zote kwa wakati uleule.

Mahali pa kuihifadhi nakala hiyo ni suala zito mpakani kuliko kwingine. Katika Busia mtu huvuka kwa miguu kwa dakika chache, maduka ya kompyuta ya upande mmoja huwahudumia wateja wa upande wa pili, na ni rahisi diski yenye rekodi za wagonjwa kusafiri ndani ya mkoba bila anayeibeba kuwazia sheria. Nchi zote mbili zilipata sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Uganda mwanzoni mwa mwaka na Kenya Novemba, na sheria zote mbili zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Taarifa za afya zinalindwa kwa ukali zaidi. Basi nakala ibaki katika nchi yake, isimbwe kwa nywila kabla ya kuandikwa kwenye diski ya kubebwa, na diski iliyoharibika isipelekwe kwa fundi wa ng’ambo ikiwa na data inayosomeka.

Baada ya nakala huja umeme, na hapa Tororo ina hesabu yake. Kumbukumbu za hali ya hewa za miaka ya 1967 hadi 1976 zilionyesha wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kiwango kilichoufanya mji huo ujulikane duniani. Kwa anayetunza seva takwimu hiyo ina maana ya moja kwa moja: siku ya radi ndiyo ya kawaida, na isiyo na radi ndiyo ya kutafutwa. Ngurumo za nchi kavu katika ukanda huu huja zaidi alasiri na jioni, joto la mchana likishapanda. Kazi ya diski basi ipangwe asubuhi, ingawa desturi ya vitabu vingi vya kompyuta ni kuifanya usiku watumiaji wakiwa wamelala. Usiku wa Tororo unaweza kuanza na mvua, na fundi akajikuta na patisheni iliyofunguliwa nusu huku taa zikipepesa.

Betri za UPS zipimwe siku moja kabla, kwa kuchomoa plagi ukutani na kuangalia seva inabaki hai kwa muda gani. Taa ya kijani ya UPS haithibitishi kitu. Betri iliyozeeka huionyesha taa hiyo kila siku, kisha huzimika mara stima inapokatika. Kutuliza umeme ardhini kukaguliwe pia. Radi haipiti kwenye waya wa umeme pekee. Huingia hata kwa kebo ya mtandao inayoshuka kutoka kwenye antena iliyo juu ya paa, ikaua swichi na kadi ya mtandao kabla haijagusa diski. Anayefanya kazi kwa mbali, kupitia SSH, aendeshe amri zake ndani ya tmux au screen, ili swichi ikizimika kazi isikatike pamoja na mawasiliano.

Hapo ndipo kazi yenyewe huanza, nayo hufuata mpangilio wa tabaka kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ni diski yenyewe. Juu yake kuna patisheni. Juu ya patisheni, katika LVM, kuna voliumu halisi, ambayo huingizwa ndani ya kundi la voliumu. Kutoka kwenye kundi hukatwa voliumu ya kimantiki, na juu ya hiyo hukaa mfumo wa faili ambao ndio programu inauona. Kila tabaka lina ukubwa wake na halijui habari za jingine mpaka liambiwe. Mfano wake ni ghala la mpakani lililoongezewa chumba: mpaka mlango utobolewe ukutani, makuli wataendelea kupanga magunia palepale penye msongamano. Ndivyo ilivyo kwa fundi aliyepanua diski na voliumu kisha akashangaa df inasoma namba ileile ya jana. Amesahau tabaka la mwisho.

Hatua ya kwanza ni kuitambua diski bila shaka yoyote. Majina kama sda na sdb hayategemewi, kwa kuwa yanaweza kubadilishana seva inapowashwa upya. Kinachotegemewa ni namba ya mfululizo ya kiwandani, ambayo lsblk huionyesha ikiombwa safu ya SERIAL, na ambayo pia imechapishwa kwenye kibandiko cha diski. Fundi mwangalifu huisoma kibandikoni kabla ya kuifunga diski, huiandika kwenye karatasi, kisha hulinganisha na kioo tarakimu kwa tarakimu. Baada ya hapo diski hupimwa afya kwa smartctl, hata kama ni mpya ndani ya kifuko, na huangaliwa kwa blkid kama ina kitu ndani. Amri ya pvcreate ikikuta alama za mfumo wa faili wa zamani huuliza kama izifute. Swali hilo linastahili kusomwa neno kwa neno. Wengi walioharibu diski walilijibu ndiyo kwa mazoea.

Patisheni zina mtego wake. Utaratibu wa zamani wa MBR huhesabu sekta kwa biti 32, na kwa sekta za baiti 512 ukomo wake ni tebibaiti 2. Diski kubwa zaidi ya hapo ikipangwa kwa MBR, sehemu inayozidi haitumiki. GPT haina ukomo huo, ila huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski. Seva ikiwa ya kufikirika, yaani inayoendeshwa ndani ya seva kubwa zaidi, na diski yake ikarefushwa kutoka nje, nakala hiyo hujikuta katikati badala ya mwisho. Amri ya sgdisk -e huihamishia mahali pake, kisha growpart huipanua patisheni, na pvresize huiambia LVM kwamba ardhi imeongezeka.

Ikiwa diski imeongezwa kama kifaa kipya, pvcreate huitayarisha na vgextend huiingiza kwenye kundi. Kisha lvextend huipanua voliumu ya kimantiki. Kigezo cha -r katika amri hiyo huupanua na mfumo wa faili papo hapo, na ndicho kinga ya kusahau tabaka la mwisho. Bila kigezo hicho, ext4 hupanuliwa kwa resize2fs na XFS kwa xfs_growfs, na zote mbili huweza kupanuliwa huku kliniki ikiendelea na kazi.

Kipimo cha kupanua kinahitaji kiasi. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni vigumu: ext4 hupunguzwa ikiwa imeshushwa kabisa, na XFS haikuundwa kupunguzwa. Nafasi ikishamezwa na voliumu isiyoihitaji, kuirudisha humaanisha saa nyingi za kuhamisha data. Kwa hiyo, hata kundi likiwa na gigabaiti 800 zilizolala, ni busara kutoa 100 au 200 kulingana na haja, na kuziacha nyingine. Akiba hiyo huhudumia voliumu nyingine itakayojaa kesho, na hutumika pia kwa picha za papo kwa papo za LVM, ambazo huhitaji nafasi yake ndani ya kundi na hubatilika nafasi hiyo ikijaa.

Kuna upanuzi unaofanikiwa kiufundi na bado ukawa hatari. Katika kituo kimoja cha ukanda huo, nafasi ilipokwisha, diski ya nje ya USB ilichomekwa nyuma ya seva na kuingizwa kwenye kundi la voliumu. Amri zote zilikubali. Namba za df zikapendeza, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika. Kisha mtu aliyetafuta mahali pa kuchaji simu akakichomoa kile kidude cheusi asichokijua kazi yake. Voliumu ilikuwa imetandazwa juu ya diski mbili, na ghafla ikabaki na moja. Mfumo wa faili ukajifunga usiandikwe, na kliniki ikarudi kwenye madaftari ya karatasi. Diski ilirudishwa, mfumo ukakaguliwa, na data ikahamishwa kwa pvmove hadi kwenye diski ya ndani, amri ambayo hata ikikatizwa na umeme huweza kuendelea ilipoishia. Baada ya hapo vgreduce iliitoa ile ya USB kwenye kundi kwa usalama.

Funzo lake ni pana kuliko USB. Voliumu iliyotandazwa kwenye diski mbili bila RAID hufa diski yoyote kati ya hizo ikifa, kwa hiyo kila diski inayoongezwa namna hiyo huongeza uwezekano wa kupoteza vyote. Kituo chenye diski moja kikihitaji nafasi, njia iliyo salama ni kununua mbili kubwa zaidi, kuzipanga kioo kwa kioo kwa RAID 1, kuhamishia data humo kwa pvmove, na kuiachia ile ya zamani kazi ya kubeba nakala. Gharama hupanda siku ya kwanza. Siku diski moja inapokufa, kliniki haijui kama kulikuwa na tatizo.

Kazi huhesabiwa kuisha ikishathibitishwa. Namba za df na lvs husomwa tena, programu hufunguliwa, na faili la mgonjwa wa zamani na la mgonjwa wa leo yote hukaguliwa. Kama voliumu mpya imeandikwa kwenye /etc/fstab, iandikwe kwa UUID yake badala ya jina la sdb, na findmnt --verify ikague maandishi hayo. Kisha seva huwashwa upya fundi akiwa amesimama mbele yake. Kosa la fstab hujificha mpaka siku ya kuwasha upya, na katika mji wa radi siku hiyo huchaguliwa na mvua. Afadhali ichaguliwe na fundi, asubuhi, akiwa na nakala mkononi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na seva ni mali. LVM yenyewe hutunza maelezo ya mpangilio wake ndani ya /etc/lvm/backup na /etc/lvm/archive; folda hizo zinakiliwe nje ya seva, kwa sababu ndizo ramani ya kurudishia kundi lililovurugika. Sambamba nazo kuwe na daftari la kawaida la karatasi katika chumba cha seva: tarehe, namba ya mfululizo ya kila diski, ukubwa wa kabla na wa baada, amri zilizotumika na jina la aliyefanya. Mafundi wa vituo vya mpakani huhama, mara nyingi mradi uliowaajiri unapokwisha, na anayewafuata hukuta kasha lisiloweza kujieleza. Ukurasa mmoja wa daftari humwokoa asubuhi nzima ya kubahatisha.

Daftari hilohilo ndilo chombo cha kuzuia dharura inayofuata. Namba ya df ikiandikwa kila mwanzo wa mwezi, kasi ya ukuaji huonekana baada ya muda mfupi. Seva iliyobakiwa na gigabaiti 60 na inayokula 3 kwa mwezi ina miezi 20 mbele yake. Ikila 10, ina miezi sita. Onyo liwekwe kwenye asilimia 80, ili kubaki na muda wa kununua kwa utaratibu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi Kenya na Uganda vilevile, na diski ambayo haikuingizwa kwenye makadirio husubiri mwaka mwingine. Grafu ndogo iliyochorwa kwa mkono, ikiambatanishwa na barua ya maombi, humfafanulia mhasibu haja ya diski vizuri zaidi kuliko maelezo marefu ya kitaalamu.

Msimamizi wa kituo, kwa upande wake, ana wajibu usiohitaji kujua hata amri moja. Amuulize fundi wake maswali matatu: nakala ya mwisho ilirejeshwa lini na wapi, betri ya UPS ilipimwa lini chini ya mzigo, na nafasi iliyobaki itatosha hadi mwezi gani. Majibu yakiwa na tarehe, seva ipo mikononi salama na diski zake zinaweza kupanuliwa wakati wowote. Yakiwa ni ya kukisia, kituo kisiguse diski hata moja mpaka majibu yapatikane, kwa sababu wagonjwa wa Busia na Tororo wameikabidhi mashine hiyo historia ya miili yao.